Nyota Nilizozitupa

Nimesikia mnavyoniita. Mkipita kwenye ukuta wangu hapa Utemini, Singida, mkidhani masikio yangu nayo yamestaafu, mnaambizana, "Huyo ndiye Mama Pumba." Haya, ni mimi. Jina nimelifanyia kazi, sikuliokota, na leo nitawaambia lilikotoka. Ila wekeni simu chini. Mimi nikisimulia sipendi mtu anayeniitikia "ndiyo bibi" huku dole gumba linakimbia.

Kazi yangu ilikuwa kupima nyota. Chekeni sasa mmalize, ili tuendelee.

Kwanza niwaondolee ujinga mmoja. Mnafikiri tulikuwa tunakesha juu ya kilima tumejifunga mablanketi. Wapi! Sisi tulipima nyota saa nne asubuhi, chai mezani, na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, katikati. Picha zilishapigwa zamani na darubini za watu wengine, nchi nyingine, zikaletwa kwetu kwenye diski kwa basi. Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, kila mtu na kompyuta yake, na saa kumi jioni tulifunga mlango tukaenda sokoni kutafuta mlenda kama watu wengine wote.

Mtaani hawakutuelewa hata kidogo. Mama mmoja alikuja na mtoto mchanga mgongoni na jogoo mweupe mkononi, eti nimsomee mwanawe nyota yake. Nikamwambia, "Dada, mimi hapa najua nyota ina sodiamu kiasi gani. Mwanao ataoa lini, hayo sina." Akaondoka amenuna, na jogoo wake. Mpaka leo akiniona barabarani ananitazama kama niliyemnyima dawa.

Chumba kile kilikuja Singida kwa sababu ya mtu mmoja, Daktari Elisante. Kijana wa Mkalama, alisomea mambo ya anga ng'ambo, na wenzake wa huko walikuwa na picha nyingi kuliko macho ya kuzipima. Akawaambia, kwetu kuna macho. Wakacheka, lakini wakakubali kujaribu. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa maabara katika sekondari moja, naosha chupa na kuwashia wanafunzi moto. Koti langu jeupe lilikuwa na matundu ya asidi mpaka mgongoni. Aliniuliza swali moja tu: ukichovya waya kwenye chumvi ukaweka kwenye moto, moto unakuwa rangi gani? Nikamjibu, njano, na hata jasho la mkono wako linatosha kuufanya njano, kwa hiyo nawe uoshe mikono kabla ya kugusa waya. Akasema, unaanza Jumatatu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, si ngumu. Mwanga wa nyota ukipasuliwa unatandaa kuwa mkanda wa rangi, kama upinde wa mvua ulionyooshwa. Ndani ya mkanda huo kuna mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake na mahali pake, haihamihami. Chuma kina yake mingi. Oksijeni ina mmoja mwembamba wa kutafuta kwa taabu. Sodiamu ina miwili, imekaa jirani jirani. Mstari ukiwa mnene, elementi hiyo ni nyingi kwenye nyota. Ukiwa mwembamba, ni kidogo. Sisi tulipima unene, mstari kwa mstari, nyota kwa nyota, tukajaza jedwali. Na chini ya jedwali, kila aliyepima aliweka herufi za jina lake. Hiyo ilikuwa sheria ya chumba: jedwali lisilo na herufi za mpimaji haliondoki.

Aliyenifundisha kupima ni Mzee Kitundu, Mnyiramba mrefu, mkimya, aliyestaafu reli pale Itigi. Huko alikuwa mtu wa ishara za treni. Mnaweza kuuliza, ishara za treni na nyota vinahusianaje? Nami niliuliza. Akanijibu, "Binti yangu, treni haiji kwa sababu unaingoja. Ukiingoja sana utaiona hata pasipo na treni. Na mstari hivyo hivyo."

Ndipo akanipa kadibodi, kipande cha boksi la sabuni. Kila nyota inapimwa mara tatu, siku tatu tofauti, na namba ya jana unaifunika kwa kadibodi usiione. Ukiiona, mkono wako utaifuata, hata kama wewe ni mtu wa kumcha Mungu. Mmenisikia? Shikeni hilo hata kama kazi yenu itakuwa kupima unga au mapigo ya moyo ya mgonjwa. Namba ya jana ifunikwe. Na usipime siku uliyogombana na mume wako. Hilo ni langu mimi, si la mzee.

Nilikosea pia, tena vibaya. Mwezi wangu wa pili nilitoka na nyota zenye sodiamu ya kutisha, nikazunguka nazo chumbani kama mtu aliyeokota dhahabu. Mzee Kitundu akavaa miwani, akatazama kioo cha kompyuta. Kumbe kati yetu na nyota kuna mawingu mepesi ya gesi, nayo yana sodiamu yake. Mwanga ukipita humo unapata mistari ya gesi, imekaa kando kidogo ya mistari ya nyota. Mimi nilipima yote kwa pamoja.

"Zainabu," akasema, "umempima abiria pamoja na mizigo ya jirani yake."

Niliona haya, lakini sikurudia tena. Nilijifunza kutenganisha mistari ile miwili hata ikiwa imeshikana kama punje za hindi. Nawaambia hivi kwa makusudi, maana kosa hilo nilikuja kutupiwa usoni baadaye.

Nyota tulizopewa hazikuwa za kuzagaa hovyo. Zilikuwa za mafungunyota yale ya mviringo, nyota kwa mamia ya maelfu zimesongamana kama tufe, za kale kuliko karibu kila kitu mbinguni. Na vitabu vya wakati ule vilisema hivi: nyota za fungu moja zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja, kwa hiyo kemia yao ni moja. Basi. Tukapewa na utaratibu wa kusafisha. Unatafuta wastani wa sodiamu wa fungu zima, halafu nyota iliyo mbali na wastani unaiandikia M, yaani mgeni. Maana yake ni nyota ya mbali iliyojikuta imesimama mbele au nyuma ya fungu, haihusiani nalo. Ukishaiandikia M unaiondoa, unatafuta wastani upya, unaondoa tena, mpaka jedwali linyooke.

Na nani alikuwa bingwa wa kunyoosha? Mimi! Sioni haya kusema, nilijivuna. Majedwali ya Zainabu yalikuwa safi mpaka watu wa ng'ambo wakaandika barua kuyasifu. Daktari Elisante aliisoma barua ile kwa sauti, Mzee Kitundu akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya hovyo, na mimi siku hiyo nilinunulia chumba kizima soda.

Ila sikuweza kuzitupa namba kabisa. Nimelelewa Ikungi. Mama yangu akitwanga uwele hatupi pumba, kuku watakula nini? Kwa hiyo kila nyota niliyoiandikia M niliihamishia kwenye daftari la mistari, kubwa, la jalada la bluu: jina lake, sodiamu yake, oksijeni yake, yote. Mwenzetu mmoja, Eliwaza, binti mwenye ulimi mkali kuliko wembe, aliliona siku moja akaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: PUMBA ZA ZAINABU. Ndilo jina langu hilo. Mmelipata.

Tukaendelea hivyo miaka. Tulituma majedwali kumi na moja, kila fungu na lake. Tukawa tunamalizia la kumi na mbili.

Wiki hiyo umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Wenzangu walitoka nje kupunga upepo, mimi nikabaki mezani na daftari la pumba. Sikuwa na nia yoyote ya maana, naapa. Nilitaka tu kulipanga vizuri, sodiamu kubwa zikae juu, ndogo chini. Nikachora mistari kwa rula, nikaanza kuhamisha, kila namba nikiilinganisha na wastani wa fungu. Sodiamu juu, oksijeni chini. Nyota ya pili, sodiamu juu, oksijeni chini. Nikafika ya ishirini, nikasimama, nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Ya ishirini na moja, sodiamu juu, oksijeni chini.

Nikajiuliza kwa sauti, peke yangu kama kichaa: hawa wageni wametoka pande zote za mbingu, nani amewashonea sare?

Umeme uliporudi sikusalimia mtu. Kuna kitu kingine ndani ya mkanda wa mwanga, mwendo wa nyota. Nyota ikiwa inakujia au inakukimbia, mistari yake yote inasogea pamoja upande mmoja. Nyota za fungu moja husafiri pamoja, kwa hiyo mistari yao husogea karibu sawasawa. Sisi tulikuwa tunapima mwendo mwishoni, baada ya kusafisha, kwa hiyo nyota za M hazikuwahi kupimwa. Nani apoteze muda kwa wageni? Nikazipima zile za fungu tulilokuwa tunamalizia. Moja, tano, kumi na mbili. Zote zilikuwa na mwendo wa fungu. Mgeni gani huyo anayetembea hatua moja na wenyeji, njia moja, tangu dunia haijawa dunia?

Hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa nyumba ile ile. Katika fungu lile peke yake nilikuwa nimewafukuza karibu nusu, kwa mkono wangu huu, nikasifiwa, nikanunua soda. Niliumia, sitawaficha. Nilihisi kama nimeshikwa naiba. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ilikuwa majivuno.

Mtaniuliza, inawezekanaje nyumba moja, kemia mbili? Mmeshawahi kula harusi kubwa. Wali wa kwanza unapikwa, unapakuliwa, watu bado wanamiminika, hakuna muda wa kusugua sufuria, unatiwa wali wa pili juu ya ukoko wa kwanza. Sufuria ile ile, moto ule ule, lakini aliyekula mpiko wa pili anaijua ladha ya ukoko. Nyota nazo hupika. Ndani ya nyota kubwa, kwenye joto kali sana, oksijeni hupungua na sodiamu huongezeka. Nyota za mwanzo zikatema zilichopika, gesi ikachafuka, na nyota nyingine zikazaliwa na ukoko ule mwilini. Nani hasa alipika mpiko wa kwanza, na ukoko ulifikaje, wakubwa wanabishana mpaka leo. Mimi simo. Mimi nilikuwa mpimaji.

Jumanne iliyofuata Daktari Elisante akashuka kwenye basi kutoka Dodoma, alikokuwa anakaa. Jedwali la kumi na mbili lilikuwa liondoke Ijumaa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Mama Zainabu."

"Marahaba," nikasema. "Daktari, kaa. Sitii herufi zangu."

Nilimweleza yote, daftari mezani. Alikuwa msikivu, sitamsingizia. Alipomaliza kutazama akavua miwani akajisugua macho.

"Mama, una hakika si lile kosa la gesi?"

"Gesi haina mwendo wa fungu. Na gesi haipunguzi oksijeni."

"Wapo waliowahi kuona vitu kama hivi," akasema polepole. "Lakini wengi wanasema ni uzee. Nyota ikizeeka inakoroga tumbo lake, yaliyo chini yanakuja juu."

"Sawa. Basi waandike uzee. Lakini waziandike! Mimi sibishani nao kwa nini, nabishana nawe kwa nini hazimo."

Ndipo akasema lile lililokuwa moyoni mwake, na nawaomba msimcheke, maana halikuwa neno la mtu mwoga tu. "Mama, tukisema hizi ni za fungu, basi majedwali yote kumi na moja tuliyotuma ni ya uongo. Unajua nilivyobembeleza mpaka kazi hii ikaja Singida? Unajua waliniambia nini? Watu wa bara, wa mtama na kuku, watapima nini. Tukiandika barua kwamba tumekosea miaka yote hii, watasema, si tulisema? Hakuna atakayeleta tena hata diski moja. Si kwako wewe tu. Kwa huyu Eliwaza. Kwa watoto watakaokuja."

"Kwa hiyo tuendelee kudanganya ili tuaminiwe?"

"Sijasema kudanganya. Tumefuata utaratibu tuliopewa."

"Utaratibu hauweki herufi chini ya jedwali. Naweka mimi."

Eliwaza alikuwa mlangoni, akasema, "Dada, tia tu hizo herufi tumalize. Za mwakani tutaandika vizuri." Nikamtazama. Akatazama chini. Alikuwa na wadogo zake watatu wanasoma kwa kazi ile, na nilijua.

Lakini aliyeniumiza si hao. Mzee Kitundu aliwangoja wengine watoke. Akabaki amekaa, mikono juu ya magoti.

"Zainabu, majedwali yale nimetia herufi na mimi."

"Najua, mzee."

"Wewe una miaka mbele yako ya kurekebisha. Mimi nina nini? Reli wamenisahau. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kwamba mahali fulani, watu nisiowajua wanasema, huyu K. wa Singida anapima vizuri. Sasa umenivua nguo mbele ya kijana wa kuniamkia shikamoo."

Nililia nikienda nyumbani, tena kwa hasira, siyo kwa majuto. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Elisante, nikajikasirikia mimi kwa kupanga daftari badala ya kwenda kupunga upepo kama wenzangu. Lakini kutia herufi, thubutu! Nilijua wazi kwamba Ijumaa ikipita bila herufi zangu, nimejifukuza kazi, na pengine nimewafukuza wote.

Jumatano asubuhi nikamkuta Mzee Kitundu amefika kabla yangu. Hakunijibu salamu vizuri. Alikuwa amechukua nyota kumi za pumba, amezifungua kwenye kompyuta yake, anapima. Kadibodi ilikuwa juu ya namba zangu. Alhamisi tena, nyota zile zile, kadibodi juu ya namba zangu na juu ya namba zake za jana. Hata Eliwaza mwenye ulimi alitafuna michembe yake taratibu. Mnaelewa alichokuwa anafanya? Hakuniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini. Alikuwa ananipima mimi kama anavyopima nyota, siku tatu, bila kuchungulia.

Ijumaa saa tano akamaliza. Akamwita Daktari Elisante, akaniita na mimi. Akaondoa kadibodi ya kwanza, ya pili, akavuta daftari langu karibu, akaweka kidole kwenye nyota ya kwanza, yake na yangu. Ya pili. Zililingana. Alipofika ya kumi akafunga daftari kwa upole.

"Daktari, chukua karatasi uandike," akasema. "Andika kwamba katika majedwali yote kumi na moja, nyota tulizoziita wageni hazikuwa wageni. Andika kwamba tulizitoa sisi. Usiandike utaratibu. Andika sisi."

"Mzee, mtakifunga chumba hiki."

"Chumba kina mlango, mwanangu. Kila chenye mlango kitafungwa siku moja. Mimi siwezi kufa jina langu liko chini ya jedwali lililofagiliwa."

Elisante alibaki amesimama, kalamu mkononi. Niliona anapigana nafsini mwake, na nilimhurumia, maana chumba kile kilikuwa mtoto wake. Mwisho akaandika kila neno. Mzee Kitundu akatia herufi zake, nikatia zangu. Jedwali la kumi na mbili likaenda na nyota zote ndani, chafu kama shamba wakati wa palizi, na barua juu yake. Elisante aliibeba barua ile mwenyewe mpaka Dodoma akaituma. Hakuitia jina lake. Sikumlazimisha, na sitamsema vibaya, lakini nawaambia ilivyokuwa.

Hakuna aliyetushukuru. Msije mkadhani ukisema kweli watu wanapiga vigelegele. Ilikuja barua ya mistari miwili kwamba wamepokea. Diski hazikuja tena. Kabla mwaka haujaisha mwenye nyumba alikodisha chumba kile kwa fundi cherehani. Eliwaza alirudi kwao Iramba kukamua mafuta ya alizeti, na miaka mingi hakuniamkia. Nilistahili, kwa upande wake. Wadogo zake wawili waliacha shule. Kila mara watu wanaposifia ukweli mbele yangu, nawakumbuka wale watoto wawili, na bado nasema nisingetia herufi zile.

Kuna waliosema Mama Pumba aliwafukuza wazungu kwa ubishi. Waseme. Nilikuwa mbishi, na ni mbishi mpaka leo, na kama mnataka kazi isiyohitaji ubishi msiende kwenye kazi ya kupima. Hata mimi ninayewafundisha hapa leo, mtu akileta namba zenye sare wakati mimi nasema ni wageni, abishane nami. Anifunike kwa kadibodi.

Elisante alituachia kompyuta moja na nakala za diski za zamani. Mimi na Mzee Kitundu tukaiweka sebuleni kwangu, tukaanza kupima upya yale kumi na moja. Hakuna aliyetutuma. Kila asubuhi alikuja na kofia yake ya reli, anakunywa chai, anapima, anarudi kwake kabla jua halijawa kali. Tukimaliza jedwali tunampa Elisante alitume, likubaliwe lisikubaliwe. Tulikuwa tumefika la saba alipofariki. Msibani mwanawe aliniuliza, baba alikuwa anakuja kufanya nini kwako kila siku? Nikamwambia, alikuwa anarudisha watoto nyumbani. Alinitazama kwa huruma, akadhani ni uchungu wa msiba. La nane na la tisa nilipima peke yangu.

Siku hizi mambo yamekuwa wazi. Darubini zimekua, na karibu kila fungunyota la aina ile lililopimwa vizuri limekutwa na jamii zaidi ya moja ndani yake. Hata nyota ambazo hazijazeeka, ambazo haziwezi kukoroga tumbo, zimekutwa na ukoko, kwa hiyo lile la uzee halikutosha. Binti wa jirani yangu anasoma chuo kikuu, alinifungulia somo lote kwenye kompyuta yake akinieleza taratibu, bibi asije akachanganyikiwa. Singida haimo humo hata kwa bahati mbaya. Sidai. Walioona kabla yetu walikuwepo, na walioona vizuri kuliko sisi wapo.

Ninachowadai ninyi ni kingine. Majedwali yalikuwa kumi na moja, tukarudia tisa. Mawili diski zake zilichubuka, kompyuta ikakataa kuzisoma, fundi wa hapa mjini akakataa, fundi wa Dodoma akakataa. Nilimwomba Elisante aandike yafutwe, akaandika, akajibiwa kwamba ya zamani hayafutwi. Kwa hiyo yapo. Yapo huko yanakowekwa vitu hivyo, na bila shaka kuna mtu anayatumia, maana ni mazuri mno. Hakuna nyota hata moja iliyotoka mstarini. Chini yake kuna Z.S. na kando yake K.

Mkiyakuta, msiyaamini. Msiseme tusimvunjie bibi heshima, wala msisubiri nife kwanza. Andikeni kwa kalamu isiyofutika kwamba Zainabu Shabani wa Ikungi alikosea, alizitupa kwa mkono wake, halafu pimeni upya.